Dakika Hamsini

Ratiba ya kwanza niliichora kwa rula
nyuma ya kalenda ya duka la unga:
wiki tisa, Ijumaa nimeziacha wazi.
Saa tatu asubuhi, Hesabu.
Saa tano, Ufahamu.
Alasiri, Mantiki, ile ya kama hivi basi vile.
Nikaibandika ukutani kwa uji mzito,
nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama
kama mtu anayetazama nyumba aliyokwisha ezeka.

Ilidumu siku nne.

Maziwang'ombe saa haikai ukutani.
Jumatatu maji yalikauka saa tatu,
Jumanne karibu na saa nne,
Jumatano inakaribia saa tano;
kila siku bahari huchelewa dakika hamsini
wala haiombi radhi.
Nami na kamba zangu arubaini za mwani
tu watu wa maji, si wa kalenda.
Saa ya Hesabu ilinikuta nimeinama, maji magotini,
nafunga taitai, vidole vimenyauka,
na kitabu kiko nyumbani juu ya kasha
kama mkwe aliyefika akakosa mwenyeji.

Wifi yangu Mboja akasema:
"Chuo cha biashara! Kwani hii tufanyayo ni kombolela?"
Sikumjibu. Alikuwa na haki nusu,
na hiyo nusu ya pili ndiyo ninayoifanyia mtihani.

Ratiba ya pili haikutaka rula.
Nilihesabu mwezi kwa vidole, alivyonifunza mama.
Bamvua: mchana kazi, usiku maneno kumi ya msamiati,
kumi tu, nisijidanganye.
Maji mafu, bahari ikikataa kuonesha mgongo,
hapo Hesabu, saa nne kwa siku,
mlango nimeurudisha, simu anayo Hidaya
na ameapa hanipi hata nikilia.
Taa ya sola ikififia, nalala.
Kulala nako nimekuandika. Mstari mzima.

Ukurasa wa sitini na mbili ulinitesa:
punguza kumi kwa mia, kisha kumi kwa mia tena.
Mara tatu nilikosa, mara tatu nikalaumu kitabu.
Kisha ikaja siku ya kupima,
Bwana Shaame na mzani wake chini ya bati:
"Kumi ya unyevu, kumi ya mchanga. Kilo mia, andika themanini."

"Themanini na moja," nikasema.

Sauti ilitoka kabla sijaiita.
Kumi ya mia, zabaki tisini. Kumi ya tisini ni tisa.
Akautazama mzani, akanitazama mimi,
akaitazama foleni ya wanawake na magunia yao,
akaandika themanini na moja.

Bei ya kilo moja hainifikishi Konde.
Lakini nyuma yangu Mboja alisogeza gunia lake:
"Na langu lihesabu."
Jioni ile nilihesabia wanawake kumi na mmoja,
na daftari la mazoezi likaliwa kurasa sita.
Kwenye ratiba palikuwa pa Ufahamu. Sikupafuta.

Mtihani uko Chake, Jumamosi, mwezi kumi na tano.
Bamvua kubwa. Saa nne barabara
maji yatatoka, na karatasi zitagawiwa.
Mboja kasema ataziangalia kamba zangu ishirini;
ishirini nyingine zikikatika, zikatike.

Insha bado inanishinda.
Kitabu kinauliza: mtu hupangaje muda wake?
Jibu lake la mfano linaamka saa kumi na moja kila siku,
linakunywa chai, halina mtoto, halina bahari.
Nimeandika langu, nimelifuta, nimeandika.

Leo nami nimeamka saa kumi na moja.
Maji yamejaa hadi kwenye mikoko.
Ukurasa wa tisini. Uwiano.