Daftari la Dresa

Friji ya maabara hunguruma usiku kucha hapa Tabora.
Umeme ukikatika inanyamaza, nami naamka.
Mirija mia mbili na kumi na minne ya damu
imesimama humo, kila mmoja na namba yake.
Majina ninayo mimi, kabatini, chini ya kufuli.

Wenzangu walitaka kujua dawa inaponya wangapi.
Mimi lilinikera jambo dogo:
kwa nini wengi wamevuka sitini,
kwa nini wanatoka upande mmoja, njia ya Sikonge,
na kwa nini nikiuliza, "Utotoni uliwahi kuchomwa sindano?"
wanacheka.
"Sindano ndiyo ilikuwa dawa, daktari.
Kidonge alipewa asiyeumwa."

Mzee Kapela alijipiga tako mbele ya muuguzi, bila haya:
"Dresa Nsimba alikuwa na mkono mwepesi. Hakuna mtoto aliyelia."

Nikaandika: mkono mwepesi.
Sikuandika kwamba Dresa Nsimba ni baba yangu.

Jumapili nilimkuta uani, Ng'ambo, akibangua karanga.
Sikujua pa kuanzia, nikaanza na maji.
"Baba, sindano mlizichemsha muda gani?"
"Dakika ishirini. Kitabu kilisema."
Akabangua moja. Akabangua ya pili.
"Mafuta ya taa yakiwepo.
Yakiisha, tulichovya tu.
Sindano tatu, Kalunde. Watu sabini kwa siku. Sindano tatu."

Akaingia ndani. Nikadhani nimemuudhi.
Akatoka na daftari lililoliwa na mchwa pembeni,
wino wa bluu, tarehe, jina, jina la baba, dawa.
"Wamo wote. Wasake. Wewe una gari la serikali."

Kirusi hiki hakina haraka.
Hukaa ndani ya ini miaka thelathini
kama mpangaji mpole, asiyepiga kelele,
huku anabomoa ukuta wa nyuma, tofali baada ya tofali.
Lugha yetu ilishajua: uchungu mkubwa hukata maini.

Na kidonge ni kimoja tu, kila asubuhi,
siku themanini na nne.
Hakipigani. Kinamnyang'anya mwandishi kalamu,
nakala hazitoki,
basi.

Tulienda na daftari mapajani mwa baba, kiti cha mbele,
vumbi hadi kwenye kope.
Wengine tuliwapata shambani, katika tumbaku.
Wengine aliwapitishia kidole tu.
"Huyu alivimba tumbo. Tulisema karogwa.
Shangazi yake alihama usiku, na godoro kichwani."
Kisha kwa sauti ndogo, kama anayemsomea mtu mwingine:
"Tulisema. Hata mimi nilisema."

Wa mwisho kutoa damu alikuwa yeye.
Alikunja shati mwenyewe, akanikosoa nilivyofunga mpira mkononi.
Majibu yalipotoka nilimpigia simu: Baba, huna.
Nilisikia redio ya jirani, nikasikia kuku.
"Rudia kipimo," akasema.
Nikarudia. Hana.
Sijawahi kuona mtu mzima akihuzunikia afya yake.

Mzee Kapela alimaliza siku themanini na nne,
tukasubiri miezi mitatu mingine, tukapima:
kirusi hakionekani.
Nilimweleza pia kilikoingilia. Nilimweleza dresa ni nani kwangu.
Alitazama kofia yake muda mrefu.
Aliondoka bila kuaga.

Baada ya siku nne mjukuu wake alileta chupa ya asali ya nyuki wadogo,
amefungia karatasi kwa uzi: *Ya Dresa.*
Hakuna neno jingine. Niligeuza karatasi, hakuna.

Chupa iko juu ya kabati la baba, wiki ya tatu sasa.
Anaifuta vumbi.
Hajaifungua, wala hajairudisha.