Hodi Mbili

Februari, Łódź. Madirisha ya jikoni yametoka jasho,
nami nalehemu tangu saa mbili za usiku,
mkate nimeusukuma ukingoni mwa meza.
Kopo lilikuwa la chai. Sasa lina matundu manne
yaliyotobolewa kwa drili ya Ziemowit wa ghorofa ya chini,
anayeitaka kabla ya saa nne
kwani, asema, ujirani nao una saa zake.

Dayodi ni mbili, za germaniamu,
nimezing'oa kifuani mwa redio iliyokufa.
Nilipima kumi na moja nikapata hizi tu zinazofanana,
maana kazi yao ni ya mapacha:
wimbi la uzi hupanda kilima, hushuka bondeni,
nazo hulikamata bonde, hulipindua,
likawa kilima cha pili.
Palipokuwa na moja, sikio huhesabu mbili.
Ndiyo oktava nzima. Hakuna uchawi,
kuna kukunja tu, kama mtu akunjavyo shuka.

Jaribio la kwanza: kimya.
Transista nimeiweka kinyumenyume.
Nikaichomoa, nikaungua kidole gumba, nikalaani, nikaigeuza.

Saa nne kasorobo, kwenye pingili ya kumi na mbili
ya shingo ya gitaa,
sauti ikapasuka, nyingine ikatoka juu yake,
nyembamba, kali, yenye meno.
Ziemowit akagonga bomba la maji kwa kijiko.
Mama, aliyeketi hatua mbili toka kwenye spika,
akainua macho kutoka kwenye viazi:
"Mbona umezima?"

Miaka thelathini na moja kiwandani,
mitambo ya kufuma mia mbili chini ya paa moja.
Wanawake walisomana midomo,
hata umbea ulipita bila sauti.
Wasema sikio halilali na njaa.
La mama limelala nayo tangu niko shule ya msingi:
birika hupiga mbinja mpaka linaungua kitako
naye yuko palepale, anafunga vifungo vya sweta.
Nilikuwa nimejenga ngazi ya kwenda ghorofa
ambayo alishanyang'anywa ufunguo wake.

Nikaanza upya, safari hii kwenda chini.

Chipu ina miguu kumi na minne, bei yake ni ya andazi.
Akili yake ni ya bawabu:
hodi ya kwanza, hufungua mlango;
hodi ya pili, hufunga.
Wimbi halina budi kubisha mara mbili
ili mlango ukamilishe mzunguko mmoja.
Ukipiga nyuzi mbili kwa pamoja, bawabu huchanganyikiwa,
hushikwa na kigugumizi. Mgeni mmoja mmoja, tafadhali.
Na miguu isiyo na kazi usiiache ikining'inia hewani,
itaokota uvumi wote wa mtaa.
Hilo lilinigharimu wiki.

Machi. Spika nimeilaza kifudifudi kwenye mbao za sakafu.
Mama anamenya bitiruti,
mikono myekundu hadi viwikoni.
Nikapiga uzi wa tano, mara moja, nikauacha uishe wenyewe.

Hakunitazama mimi. Alitazama ndara zake.
Kisu kikashuka.
"Namba saba," alisema.
Akavua ndara moja, akakanyaga kwa soksi,
kama mtu apimaye joto la maji.
"Piga tena."
Nikapiga.
"Namba saba, ile ya Ludka. Ilikuwa ikinipanda mpaka gotini."
Kisha akakunja uso, fundi ndani yake ameamka:
"Mkanda umelegea. Inaruka. Husikii?"

Mimi sikusikia kitu.
Nilifungua kopo hata hivyo.
Waya wa ardhi ulikuwa umeshikiliwa
na unywele mmoja wa shaba.