Wingu la Punta Arenas

Barua pepe ya mwaliko ilifika saa tatu na robo:
"Yasna Mihovilović, umeongezwa kwenye timu."
Nikaweka nywila, ikakataliwa.
Nikaongeza namba, ikakataliwa;
nikaongeza jina la mbwa wangu, ikakubali.

Don Eleuterio, mpima sufu, akacheka:
"Hapa upepo hung'oa mabati,
nawe wayapeleka madaftari yetu winguni?"
Nikatazama dirishani. Mawingu yalikimbilia mlangobahari,
hakuna lililobeba hesabu ya marobota.

Folda zikashuka moja moja.
Ya mwisho: Ofelia,
aliyekalia kiti hiki kabla yangu.
Ndani, jedwali limeishia mstari wa arobaini,
na pembeni neno moja: "kesho".

Sikulifuta.
Nikaanzia arobaini na moja.