Pia Zilizosimama

Saa nane za usiku, Porto. Mvua inapiga vioo vya maabara
nami nimekaa na seli mia tatu na kumi
katika kisanduku chenye joto la mwili.
Hadubini inapiga picha kila dakika tano.
Si zako, Mama. Ni za mwanamke mwingine,
jina lake limebaki namba juu ya kizibo.
Lakini dawa ni ile ile
iliyodondoka mkononi mwako Jumanne,
tone, kisha tone,
huku ukimhoji muuguzi Fabrício kama ameshaoa.

Ulinifundisha uzi kabla sijajua kusoma.
Miaka thelathini na mmoja pale Covilhã,
kiwanda cha sufu, safu ya pili kutoka dirishani,
pia mia mbili zikizunguka mbele yako,
nawe ukiijua kwa sikio moja ile iliyokosea.
Sikujua kwamba ndani ya seli, pia, mna pia:
nyuzi zinazotandwa kutoka ncha mbili
zikamate kromosomu katikati,
zivute nusu huku, nusu kule,
mmoja awe wawili bila maziko.

Nyuzi hizo huishi kwa kuvunjika.
Hujengwa, hubomoka, hujengwa,
hupapasa gizani mpaka zishike.
Dawa haizikati. Hilo ndilo lililonishangaza.
Inazikaza.
Inazinyima ruhusa ya kufumuka,
na uzi usiojua kufumuka
haufumi.

Kuna moja, pembe ya kushoto.
Nimeiita Senhor Abílio,
kwa heshima ya msimamizi wenu
aliyewakata mshahara kwa kwenda chooni.
Tangu alasiri amejiviringa kama tone la mafuta,
tayari kugawanyika. Kromosomu zimejipanga,
isipokuwa moja, haijashikwa sawasawa.
Na sheria ya seli ni sheria ya meza yako:
hakuna kula mpaka wote wamekaa.
Akangoja. Saa nzima. Saa nne. Saa kumi na moja.

Humo katika kungoja, viwili vinashindana:
kamba ya subira inalika kidogo kidogo,
kikombe cha mauti kinajaa kidogo kidogo.
Kipi kitatangulia, hakuna ajuaye,
hata Profesa Quitéria, aliyeota mvi
akiuliza swali hilo hilo.

Saa nane na robo Abílio akaanza kutokota.
Ngozi ikafanya mapovu, uji uliosahauliwa jikoni,
kisha akagawanyika, ndiyo, lakini vipandevipande,
kila kipande kimefungwa vizuri
kama mtu anayekunja nguo zake kabla ya safari.
Sikufurahi kama nilivyokusudia.

Nisikufiche; ulinikataza kukuficha.
Jirani yake alichoka kungoja, akatoroka.
Akalala bapa tena, hakugawanyika,
viini sita katika mfuko mmoja,
sweta lililoshonwa mikono mingi kuliko mwili.
Wengi wa namna hii hufa kesho, au mtondo.
Wengine hawafi.
Nimemwandika kwa kalamu nyekundu.

Na dawa haichagui. Ndiyo maana
nywele zako ziko kwenye mto.
Ndiyo maana vidole vina ganzi,
vidole vilivyoijua sufu ya mlimani kwa kuigusa tu:
neva nazo zina nyuzi.

Jana uliuliza, zinasikia maumivu?
Nikacheka. Sasa nashindwa kukumbuka
kilichonichekesha.

Kisha ukanionyesha kofia uliyoifuma kitandani,
ya kijivu, mishono minne imepotea
mahali ambapo vidole havikuhisi sindano.
Nikasema, nipe, nitaifumua nirekebishe.
Ukaivuta ukaivaa, ikakufika nyusini.
Iache, ukasema.
Inatosha kichwa.