Mnada kwa Hegstad

Mimi ndiye niliyeshika nyundo siku ile,
Januari, Nebraska, theluji hadi magotini,
na benki imenituma niuze kila chenye kwato
na kila chenye gurudumu shambani kwa Torvald Hegstad.

Mahindi mwaka ule yalishuka bei kuliko kuni.
Watu waliyachoma jikoni, kijiji kizima kikanukia bisi,
na watoto wakaenda shule na magunia miguuni.

Walikuja mia mbili. Hawakusalimu.
Wacheki wa bondeni, Waswidi, Wajerumani wa kilimani,
waliogombania mipaka na madhehebu miaka thelathini,
leo bega kwa bega, pumzi zao wingu moja.
Juu ya mlango wa ghala mtu alikuwa ametundika kamba,
kitanzi kimefungwa vizuri,
hakikuandikwa jina.

Nikaanza na farasi jike, mweusi, wa miaka sita.
"Senti tano," akasema Vlasta Kubik, mjane,
kwa sauti ya mtu anayenunua pini.
Nani zaidi? Nani zaidi?
Mgeni mmoja wa mjini akafumbua kinywa;
mkono ukatua begani mwake, mzito, wa kirafiki,
akakifumba.

Plau, senti kumi.
Ng'ombe saba, na ndama juu yake, senti thelathini.
Cherehani ya mke, senti moja, na hiyo ilizua mabishano.
Jumla yote: dola tano na senti thelathini na tano.
Wakamrudishia Torvald kila kitu, hata kamba za farasi.
Karani wa benki aliandika, kalamu ikimtetemeka,
na si kwa baridi.
Mtu akapaza sauti: walioitunga sheria
hawajapata kukamua!
Tukacheka. Nami nilicheka;
shamba langu pia lilikuwa rehani kwao.

Ila kando ya kinu cha upepo alisimama Lemuel Otey,
kibarua wa Hegstad, mshahara wa miezi saba hajaupata.
Jina lake lilikuwamo katika orodha ya wadai,
mstari wa mwisho, chini ya benki.
Alikuja amevaa koti la kanisani.
Akaniuliza, kwa heshima, fungu lake.
Nikamwonyesha karatasi.
Akaisoma polepole, akaikunja, akanirudishia,
akatazama ile kamba, akawatazama wale mia mbili
wakikumbatiana.
"Hongereni," akasema,
akashika njia ya reli.

Nyundo ninayo bado. Wajukuu huipasulia karanga,
hunitaka niwasimulie kitanzi na senti tano.
Huwasimulia.
Kila mara huishia
kabla ya kufika kinuni.