Mazuku Ndani ya Figo

Kule Himbi, nyuma ya ukuta wa shule, kuna shimo
lenye majani mabichi kupita kiasi.
Mbuzi wa Mama Kasoki aliingia asubuhi.
Saa nne tukamkuta kalala ubavu, hana jeraha, hana povu,
na inzi waliomfuata wamekufa juu yake.
Ndipo nilipofundishwa neno mazuku:
kwamba hewa inaweza kukuishia
hatua tatu tu kutoka pale wenzako wanapocheka.

Leo nina koti jeupe ambalo vumbi la lava halitaki kulitoka,
friza moja, jenereta ya kuazima,
na kipande cha figo ya kushoto ya mjomba Kitsa,
chembamba kama ganda la kitunguu.

Ninachunguza protini moja. Jina lake ni herufi tatu.
Kazi yake ubawabu. Kila mjumbe anayepita
humpapasa kama ana chapa,
na chapa yenyewe hupigwa na hewa.
Nilipokuwa mwanafunzi niliitungia ubeti nisiisahau:

   Pakiwa na hewa tele, mjumbe hupigwa chapa,
   Bawabu husonga mbele, amfunge papo hapa,
   Pete nne, si kelele, kinuni wanamtupa,
   Seli hulala salama, mishipa mipya haiji.

Ubeti wa mtoto. Lakini mwalimu alinipa alama zote.

Hewa ikikosekana kweli, chapa haipigwi,
mjumbe anapita, anapaza sauti: tunakufa!
leteni damu, chimbeni mishipa!
Na ni haki yake kupiga kelele.

Tatizo la mjomba si hewa.
Kwenye figo yake bawabu alizaliwa na mkono uliopinda,
herufi moja tu ya urithi imekosewa,
basi mjumbe ana chapa mgongoni na hakuna wa kumshika.
Anaishi. Anazaana na kelele zake.
Seli imezama katika hewa, nayo inaapa iko mazukuni.

Mnaukumbuka usiku ule mtu alipoita «lava imefika Majengo!»
Lava haikuwa imefika.
Tulikimbia hata hivyo, na magodoro, na masufuria,
barabara ya Sake ikajaa mpaka ikavimba.
Hivyo ndivyo uvimbe unavyoanza:
mji mzima unamtii mtu mmoja
ambaye hakuna aliyemwambia nyamaza.

Nikiandika hivi mkono unasita.
Nimekulia mahali ambapo nyumba ikipigwa alama usiku
mwenye nyumba haonekani asubuhi.
Na mimi ndiye huyu, nasifu chapa, nasifu kinu,
nasema heri bawabu amfunge mjumbe.
Sijapata jibu. Labda tofauti ni kwamba kinu cha seli
hurudisha kila kipande,
na kesho yake vipande hivyo vinajengwa kuwa kitu kingine.
Labda.

Filamu ilitoka jana saa moja jioni,
Tumusifu akaishika juu ya taa ya simu kwa sababu umeme ulikatika.
Safu ya uvimbe: mstari mweusi, mnene, kama tairi la chukudu.
Safu ya figo nzima: hakuna kitu.
Tulikaa tukitazama pale pasipo na kitu.
Pale palikuwa na mjumbe, akashikwa, akasagwa,
na utupu ule ndio afya.

Nikampelekea mjomba habari.
Miaka thelathini aliteremsha viazi vya Kibumba kwa chukudu,
goti moja juu ya mbao,
na kurudi juu akilisukuma kwa kifua.
Akasikiliza mpaka mwisho, akajikuna kovu.
«Sasa mwili yangu ilikuwa nawaza niko nakosa pumuzi?»
Ndiyo, mjomba.
«Ile mupando ya Kibumba,» akasema, «nilikosaka pumuzi kila siku.
Sikupigia mutu kelele.»

Halafu akaniuliza kama figo iliyobaki ina bawabu mzima.
Nikaangalia friza. Ilikuwa imeanza tena kunguruma.