Jua Lisilojua Joto

Saa tatu asubuhi, digrii thelathini na nne chini ya sifuri,
na mama keshatoka na kitambaa.
Matone ya chai ya maziwa aliyoirushia mbingu
yameganda pale yalipoangukia.

Mlima mzima unakohoa.
Hema la sufi, kibanda, hema,
dohani juu ya dohani, makaa ya mawe mpaka chini mjini.
Palipo na moshi hapakosi moto, husemwa.
Hapa Ulan Bator moshi tunao,
na vidole vya miguu yangu bado ni mawe.

Paneli hii ilitoka nyikani juu ya ngamia,
mwaka ule baridi ilipoua kondoo mia mbili na kumi na saba.
Baba aliifungasha kwanza,
kabla ya sanduku, kabla ya tandiko la farasi aliyekufa.
Kule iliwasha taa moja na redio,
na redio, kwa sauti tulivu, ikatuambia
baridi ingali njiani.

Januari hii nimeazima mita chuoni.
Adhuhuri: wati mia moja na nane
kutoka paneli iliyoandikwa mia.
Nikaipiga mita kofi. Nikasoma tena.
Mwalimu Batsukh akacheka hadi miwani ikapata ukungu:
“Paneli haitaki joto, binti, inataka mwanga.
Ipe jua na baridi pamoja,
itafanya kazi kama mtu aliyelala vizuri.
Na theluji ya uani kwenu hulirudisha jua mara ya pili.”

Basi jua hili sikulijua.
Miaka kumi nimelitukana: jua la picha,
linang’aa kama sarafu mkononi mwa mdeni asiyelipa.
Kumbe joto halikuniahidi.

Lakini siku mama alipougua, asipanguse,
daftari langu linasema sitini na moja.
Masizi. Na si ya jirani tu,
dohani yetu iko hatua nne kutoka paneli.
Jiko la umeme? Nimepiga hesabu:
paneli kumi na tano, pamoja na jua la usiku,
ambalo sokoni halijaletwa.

“Sasa hiyo inawasha nini?” Gombosuren anauliza juu ya uzio,
kila wiki, kana kwamba jibu litakua.
Simu. Taa.
Na feni ndogo ya kuchuja hewa
karibu na kichwa cha Temuge, miezi saba,
inayovuta usiku kucha moshi wa jiko linalompa joto.
Kichujio kilikuwa cheupe Jumatatu.

Mama anarudi ndani, kope zina barafu.
Kitambaa amekitundika kwenye waya,
kimekakamaa papo hapo,
kina umbo la mkono wake uliokikunja.
Haulizi wati. Huuliza tu,
“Limetuona leo?”

Naandika: mia na sita.
Naongeza mkaa.